Mkopo Ukihama Nyumba Ikiwa Sokoni

Barua yenyewe huwa fupi. Inasema kwamba kuanzia tarehe fulani mkopo wako wa nyumba utasimamiwa na kampuni nyingine, inataja jina la kampuni hiyo, namba ya simu na anwani ya kupeleka malipo, kisha inakuhakikishia kwamba masharti ya mkopo hayabadiliki. Kwa mwenye nyumba anayelipa kila mwezi bila taabu, hiyo ni habari ya kubadilisha anwani ya malipo, basi. Kwa aliyekwama, aliyekwisha kumpata mnunuzi kwa bei iliyo chini ya deni na anangoja mkopeshaji aseme ndiyo, barua hiyohiyo inaweza kuifanya kazi ya miezi minne ianze upya.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenye nyumba Marekani: Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, Watanzania wa Texas, Wakongomani waliofika kama wakimbizi wakatulia Kentucky na Ohio. Wengi wao walinunua nyumba kwa jasho la zamu mbili, kisha kazi ikakatika, au ndoa, au ugonjwa ukaingia. Sheria nitakazozitaja ni za shirikisho. Kila jimbo lina zake juu ya hizo, na pale zinapotofautiana sana nitasema.

Tuseme unadaiwa dola 310,000. Soko linakupa mnunuzi wa 265,000, na ukishatoa ujira wa madalali, kodi na gharama za kukamilisha mauzo zinabaki kama 245,000. Pengo ni 65,000 na huna. Huwezi kumkabidhi mnunuzi hati safi, maana rehani imesajiliwa katika ofisi ya kaunti na haiondoki mpaka mkopeshaji aiachie. Basi unamwomba apokee hizo 245,000 na aiachie nyumba. Hiyo ndiyo shoti seli. Yeye anaepuka gharama za kesi na mnada. Wewe unaondoka na nafasi ya kukopa tena mapema kuliko baada ya mnada. Kwa mikopo ya Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba, kwa mfano, aliyeuza kwa njia hii kwa kawaida husubiri miaka 4 kabla ya kukopeshwa tena, na ambaye nyumba yake ilinadiwa husubiri 7. Miaka mitatu ni muda mrefu katika maisha ya familia inayolipa kodi ya pango huku watoto wakikua, na kwa sababu hiyo naona inafaa kuipigania shoti seli hata inapochosha.

Sasa, kampuni inayokutumia bili mara nyingi siyo iliyokukopesha wala siyo mwenye deni. Ni msimamizi wa mkopo, sevisa, anayekusanya pesa kwa niaba ya mwingine na kulipwa asilimia ndogo ya deni kila mwaka. Mwenye mkopo anaweza kuwa Fannie Mae, Freddie Mac, au kundi la wawekezaji. Mkopo wa FHA una bima ya serikali kupitia wizara ya nyumba, HUD. Wa askari wastaafu una dhamana ya wizara yao, VA. Haki ya kusimamia ni mali kama mali nyingine, huuzwa kwa mafungu ya maelfu ya mikopo kwa mara moja, na wewe huulizwi. Pengine kampuni nzima hununuliwa pamoja na wateja wake wote, kama kampuni ya Rocket ilivyoinunua Mr. Cooper mwaka 2025.

Hili si jambo la kitaalamu la kupita nalo haraka. Anayeamua kama 245,000 zinatosha ni mwenye mkopo, au kanuni alizomwekea msimamizi. Msimamizi akibadilika na mwenye mkopo akabaki yuleyule, basi kanuni za shoti seli ni zilezile, bei ya chini inayokubalika inatafutwa kwa njia ileile, na hoja uliyokwisha kuijenga bado ina nguvu. Kwa hiyo swali lako la kwanza, hata kabla barua ya kuhamishwa haijaja, liwe: nani hasa ni mwenye mkopo wangu? Fannie Mae na Freddie Mac wana kurasa za kutafutia kwenye intaneti. Kwa wengine, mwandikie msimamizi ombi la maandishi. Kanuni za RESPA, sheria ya 1974 inayosimamia mambo haya, zinamtaka akujibu jina na anwani ya mwenye mkopo ndani ya siku 10 za kazi. Mwenye mkopo naye akibadilika, utapata barua nyingine kabisa: sheria ya 2009 inamlazimu mmiliki mpya kukuarifu ndani ya siku 30. Usizichanganye barua hizi mbili. Ya msimamizi inabadilisha mtu unayezungumza naye, ya mwenye mkopo inaweza kubadilisha jibu.

Msimamizi wa zamani anatakiwa kukuarifu siku 15 au zaidi kabla ya tarehe ya kuhama, na mpya siku zisizozidi 15 baada yake. Mara nyingi huandika barua moja ya pamoja. Kwa siku 60 tangu tarehe hiyo, malipo uliyoyapeleka kwa wakati kwa kampuni ya zamani hayawezi kuhesabiwa kuwa yamechelewa. Kinga hiyo ni nzuri kwa anayelipa. Aliye nyuma miezi minne haimsaidii sana. Msaada wake uko kwenye kanuni nyingine, ambayo madalali wengi na hata wafanyakazi wa simu wa kampuni hizo hawaijui.

Kanuni hiyo ilianza kutumika Oktoba 2017. Inasema kwamba kama uliwasilisha ombi kamili la nafuu kwa msimamizi wa zamani, idara ile inayoitwa losi mitigesheni, na ombi lilikuwa bado linashughulikiwa mkopo ulipohama, msimamizi mpya anapaswa kulishughulikia ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuhama. Shoti seli imo ndani ya neno nafuu. Kinga dhidi ya mnada huhesabiwa kuanzia siku kampuni ya zamani ilipopokea ombi lako, siyo siku kampuni mpya ilipolifungua. Na kama ulikwisha kupewa ridhaa na muda wako wa kuikubali haujaisha, siku zilizobaki ni zako. Kwa lugha nyepesi, sheria haiiruhusu kampuni mpya kukwambia, "Anza upya."

Itakwambia hivyo hata hivyo. Haya hayakutungwa kwa dhana tu. Desemba 2013, CFPB, ofisi ya shirikisho inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, pamoja na majimbo mengi, zilifikia makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 2 na Ocwen, kampuni ya kusimamia mikopo, na moja ya madai lilikuwa kutoheshimu makubaliano ambayo wasimamizi waliotangulia walikwisha kufanya na wenye nyumba. Desemba 2020 Nationstar, iliyokuwa ikitumia jina la Mr. Cooper, nayo ilifikia makubaliano na CFPB na majimbo kwa madai yaliyofanana na hayo. Makaratasi yanapohama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, picha za nyaraka hupotea, kumbukumbu za simu hukatwa, na ombi lililokuwa limekamilika huonekana halina taarifa ya benki ya mwezi wa pili. Wala si lazima pawe na nia mbaya.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mahali msemo huo unapofaa kuliko hapa. Barua ya kuhamishwa ikifika, una siku chache ambazo msimamizi wa zamani bado ana faili lako mbele yake. Zitumie. Mwombe kwa maandishi historia yote ya malipo, nakala ya barua inayothibitisha kwamba ombi lako limekamilika, tathmini ya bei ya nyumba kama imekwisha kufanyika, na jina la mtu aliyepewa kulishughulikia faili lako. Upande wako weka pamoja, kwa mpangilio wa tarehe: barua ya kueleza shida iliyokupata, hati za mshahara, taarifa za benki, marejesho ya kodi, mkataba na dalali, mkataba na mnunuzi, uthibitisho wa fedha zake, na makadirio ya mapato na gharama za mauzo. Kila ulipotuma kitu, hifadhi ukurasa wa uthibitisho wa faksi au barua pepe. Karatasi ninayoithamini kuliko zote hizo ni ile inayosema, "Ombi lako limekamilika tarehe hii." Ukiwa nayo, mabishano na kampuni mpya ni ya dakika kumi. Ukiikosa, ni ya wiki sita, na mnunuzi wako hatangoja wiki sita.

Wengi huuliza kama inafaa kuharakisha ili mauzo yakamilike kabla ya tarehe ya kuhama. Kama barua ya ridhaa unayo mkononi na mkopo wa mnunuzi umekwisha kupitishwa, ndiyo, kimbia. Mwombe msimamizi wa zamani pia aulize kama mkopo wako unaweza kuachwa nje ya fungu linalouzwa mpaka mauzo yaishe. Hawalazimiki kukubali, lakini kuomba ni bure. Ila kama ridhaa haijatoka, usimburute mnunuzi kwenye tarehe isiyowezekana. Mweleze ukweli kupitia dalali, omba mkataba uongezewe siku 45 au 60, na kama amekwisha kulipia ukaguzi na tathmini atakuwa na sababu ya kubaki. Nyumba nyingi za aina hii hupotea kwa sababu mnunuzi alikatiwa mawasiliano, ingawa mkopeshaji alikuwa njiani kukubali.

Siku mkopo unapofika kampuni mpya, kuna jambo moja dogo linalokwamisha watu wengi. Ule waraka uliosaini kumruhusu dalali au mwanasheria azungumze kwa niaba yako ulikuwa wa kampuni ya zamani na namba ya zamani ya mkopo. Kampuni mpya haitazungumza naye. Saini mpya, wenye namba mpya, utume wiki ileile, kisha subiri siku mbili tatu upige simu uhakikishe umeingia kwenye kompyuta zao. Kama Kiingereza chako cha simu hakikutoshi, omba mkalimani, au mpe mtu mzima unayemwamini idhini hiyohiyo ya maandishi. Tafadhali usimpe mtoto wa shule kazi hii. Maneno kama "deni lililobaki" na "haki ya kudai" yanahitaji mtu anayeweza kuuliza swali la pili, na mtoto asibebeshwe aibu ya nyumba.

Kampuni mpya ikidai nyaraka tena, jibu kwa vitu viwili kwa mkupuo. Ipe inachotaka, ili mnunuzi asikwame. Na papo hapo iandikie kwamba nyaraka hizo zilipokewa na msimamizi aliyetangulia tarehe fulani, kwamba utaratibu wake unapaswa kuiwezesha kuzipata kutoka huko, na kwamba huziwasilishi kama ombi jipya. Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau. Ukikubali kimyakimya kwamba ni ombi jipya, unaweza kuzipoteza siku ulizokwisha kuzipata.

Yapo maelezo ya kanuni yanayohusu walioruhusiwa kuitangaza nyumba kwa muda maalumu. Kama ulipewa, tuseme, miezi minne ya kutafuta mnunuzi, unahesabiwa kuwa unatimiza makubaliano katika muda huo wote. Unapoisha, kampuni itatazama kama una mauzo yaliyoidhinishwa na pande zote husika: msimamizi, wenye rehani nyingine, kampuni ya bima ya mkopo kama ipo, pamoja na uthibitisho wa fedha za mnunuzi. Mkopo ukihama katikati ya muda huo, hakikisha kampuni mpya imeandika tarehe ileile ya mwisho.

Kinga nyingi nilizozitaja zinahusu nyumba ambayo ni makazi yako makuu, na wasimamizi wadogo, wenye mikopo isiyozidi 5,000, wamesamehewa sehemu kubwa ya kanuni hizi. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kuhama nyumba mapema. Kuhama kuna madhara mengine. Barua ya kuhamishwa mkopo itaenda kwenye nyumba iliyo tupu, na utakuja kujua jina la msimamizi mpya kutokana na tangazo la mnada. Kampuni mpya itatuma mkaguzi, aone madirisha yamefungwa, abadilishe kufuli, na dalali wako ashindwe kumwingiza mnunuzi. Bima nayo: isipoandikwa jina la msimamizi mpya, anaweza kudhani huna, akakukatia yake iliyo ghali, na gharama ikaongezwa kwenye deni. Kama ni lazima uhame, badilisha anwani posta na kwa kampuni zote mbili, mwarifu wakala wa bima, na mwandikie msimamizi mpya kwamba nyumba iko sokoni na inatunzwa.

Kuna matapeli wanaojua yote haya. Hutuma barua ya bandia ya kuhamishwa mkopo, au barua pepe ya maagizo mapya ya kutuma fedha siku chache kabla ya mauzo kukamilika. Barua ya kweli huwa mbili, au moja yenye majina ya pande zote mbili. Ukipata moja tu kutoka kwa usiyemjua, mpigie msimamizi wako wa zamani kwa namba iliyo kwenye bili ya mwezi uliopita, si iliyo kwenye barua mpya. Mwambie afisa wa kampuni inayokamilisha mauzo afanye vivyo hivyo kabla ya kutuma hizo 245,000. Na yeyote anayekutaka ulipe kwanza ili "akusukumie" ombi lako, mfukuze: kanuni za shirikisho zinaikataza kampuni ya kutafutia watu nafuu ya mkopo kuchukua malipo kabla hujapata na kuikubali nafuu yenyewe. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD hukusaidia bure.

Barua ya ridhaa ndiyo mwisho wa yote, na ikitoka wakati wa kuhamahama isome neno kwa neno. Iwe na jina la msimamizi wa sasa, namba mpya ya mkopo, kiasi kinachokubaliwa, na tarehe ya mwisho ya kukamilisha. Kisha tafuta sentensi inayozungumzia zile 65,000. Kuachia rehani ni jambo moja, kusamehe deni lililobaki ni jambo jingine. California imekataza tangu 2011 mkopeshaji aliyekubali shoti seli ya nyumba ya kuishi kumfuata muuzaji kwa salio. Majimbo mengi hayana katazo kama hilo, na barua inayosema tu kwamba rehani itaachiwa inaacha mlango wazi. Kama msimamizi wa zamani aliandika kwamba salio limesamehewa na mpya akatoa barua isiyo na maneno hayo, usisaini. Mpelekee ya kwanza na udai maneno yaleyale.

Usiitupe ile ya kwanza hata ukipewa mpya iliyo bora. Deni lililosamehewa huhesabiwa kuwa kipato mbele ya mamlaka ya kodi. Msamaha ulioanzishwa 2007 kwa ajili ya nyumba ya makazi uliendelezwa na sheria ya Desemba 2020 hadi mwisho wa 2025, pamoja na makubaliano yaliyoandikwa kabla ya tarehe 1 Januari 2026. Tarehe iliyo juu ya barua inaweza kuwa na thamani ya maelfu ya dola. Aliyekuwa na madeni kuliko mali wakati deni liliposamehewa ana mlango mwingine, kwa fomu namba 982. Hilo lipeleke kwa mtaalamu wa kodi kabla ya msimu wa marejesho.

Kama una mkopo wa pili juu ya nyumba hiyohiyo, una msimamizi wa pili, na huyo naye anaweza kuhama. Ridhaa yake inatafutwa kivyake na hupewa sehemu ndogo tu ya fedha za mauzo. Zilinganishe tarehe za mwisho za barua hizo mbili kila wiki.

Kama mnada umekwisha kupangwa, hesabu siku. Ombi kamili lililopokewa zaidi ya siku 37 kabla ya mnada linamzuia msimamizi kuendelea mpaka alijibu, na kuhama kwa mkopo hakufuti kinga hiyo. Ila mwanasheria wa mnada mara nyingi ni yuleyule aliyeajiriwa na kampuni ya zamani, na hana habari za ombi lako. Mwandikie yeye pia, ukiambatanisha ile karatasi ya ukamilifu. Zikiwa zimebaki wiki mbili bila jibu, tafuta mwanasheria wa msaada wa kisheria siku hiyohiyo. Kusimamisha mnada kunahitaji mtu wa kwenda mahakamani.

Mambo yakikwama, simu peke yake haitoshi. Andika barua ya taarifa ya kosa kwenye anwani maalumu ambayo msimamizi ameitenga kwa kazi hiyo, maana iliyopelekwa kwenye anwani ya malipo inaweza kupuuzwa. Taja kosa kwa ufupi: hamkupokea faili langu kikamilifu, au hamkuheshimu tarehe ya ombi langu. Kwa kawaida wanatakiwa kukiri wameipokea ndani ya siku 5 za kazi na kujibu ndani ya 30, na kosa likihusu mnada unaokaribia wanatakiwa kujibu mapema zaidi. Nakala ipeleke CFPB kama malalamiko, na nyingine kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Waandikie wasimamizi wote wawili, kwa kuwa kushindwa kuhamisha taarifa zako kwa usahihi na kwa wakati ni kosa la yule wa zamani.

Mauzo yakishakamilika, nenda ofisi ya kaunti, au ingia kwenye rejista yake, uone kwamba kuachiwa kwa rehani kumesajiliwa, kwa jina la kampuni sahihi. Chukua ripoti zako za mikopo: ya msimamizi wa zamani isomeke imehamishwa na salio sifuri, ya mpya isomeke imemalizwa. Ukikuta kampuni ya zamani bado inakuandika mdaiwa, una mwaka 1 tangu mkopo ulipohama wa kuipelekea taarifa ya kosa.